Siku Gari la Dhahabu Lilipopita Mjini

Kila majira ya baridi, theluji ikiufunika mji wao mdogo wa Wisconsin, Alvina Zastrow alijifungia bandani na magari ya sarakasi, yale ya mbao ya kukokotwa na farasi, akiyavisha dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukipiga chafya, imekwenda. Alijipangusa brashi shavuni ipate mafuta kidogo, akainasa dhahabu kwayo, akaishusha taratibu juu ya simba wa mbao na malaika wenye tarumbeta.

Theluji ikiyeyuka, magari yalipakiwa kwenye treni yakaenda kuandamana katika miji ya mbali kutangaza sarakasi. Yalirudi yamejaa matope, naye akaanza upya. Kuyaona yakitembea, hakuwahi. Mfinyanzi hulia gaeni, ndiyo desturi ya dunia, lakini jambo hili lilimuuma. Ndotoni yalipita kimya juu ya theluji, farasi hawana kishindo, na kila mara aliamka kabla hayajamfikia.

Kisha maandamano yakafa. Sarakasi ikanunua malori, na magari ya zamani yakawa yanachomwa moto, mbao ziishe, chuma kiokotwe. Likabaki moja, gari kubwa la bendi, lenye vioo magurudumuni.

"Kesho trekta litalivuta mpaka ng'ambo ya daraja," alisema Dorsey, msimamizi wa banda.

"Trekta? Livute kwa farasi, Dorsey, lipite katikati ya mji. Nilione mara moja tu."

"Linakwenda kuchomwa, mama, siyo harusini."

"Hata maiti huvishwa, wewe!"

Dorsey akacheka, akakubali. Kesho yake Emil, muuza maziwa, akaleta farasi wake wanne wa kulimia. Alvina alikuwa ameshavaa kofia yake ya kanisani, anakwenda kusimama njiani, Emil alipomwita.

"Mteremko wa darajani utatuua. Nani atashika breki huko nyuma?"

Wanaume wote walikuwa kazini. Dorsey alikuwa ametangulia na mafuta ya taa.

"Panda wewe, mama. Au tuite trekta."

Alvina aliona uchungu hata machozi yakamlenga. Akapanda.

Basi gari likatembea, naye akiwa juu yake, haoni ila mpini wa breki na mgongo wa Emil. Lakini jua lilikuwa limewaka, na mwanga wa dhahabu na vioo ukaogelea ukutani, madirishani, usoni mwa watu. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja nyuma yake na povu kidevuni. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliziacha zikaanguka. Hakuna aliyemtazama Alvina. Walilitazama gari chini yake, midomo wazi, kama watu walioitwa kwa majina yao.

Ng'ambo ya daraja farasi walifunguliwa.

"Haya, shuka ulitazame," Dorsey alisema. "Nitasubiri."

Alishuka akalitazama. Lilikuwa limesimama tu, vilevile alivyolijua bandani. Alvina alikuwa akilia, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo.

"Washa tu, Dorsey," alisema. "Nimeona nyuso zao."