Nilimnyima baba dawa ili asitoke kwenda chooni

Nakubali: akili ya baba yangu niliiharibu mimi, kwa nia njema na kwa hesabu zangu mwenyewe. Nawaandikia kwa sababu najua wenzangu wapo, watu waliosoma vitabu viwili vya afya wakajiona wamehitimu.

Ilikuwa Bunia, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita. Baba alikuwa na tansio, damu inayopanda, na muuguzi alikuwa amempa vidonge vya kuishusha. Vidonge vile vilimkojoza mno. Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua. Giza likiingia, risasi zinaanza, na yeye anatafuta viatu vyake.

Tulikuwa tumejibana katika chumba kimoja chenye kuta nene: baba, mke wangu na mimi. Nikamletea ndoo. Aliitazama kama nimemtukana.

"Weye mutoto, unataka nikojoe mbele ya bibi yako?"

"Papa, atafunga macho."

"Na masikio atafunga na nini? Afazali risasi."

Kwetu baba mkwe hupunguza hata kikohozi mbele ya mke wa mwanawe. Nilimwelewa. Kwa hiyo nikaficha vidonge na kumwambia vimeisha mjini, uongo ambao siku zile hakuna mtu ambaye angeubishia. Bila vidonge, mkojo kidogo. Mkojo kidogo, hakuna safari za uani. Nilikuwa nimesoma kwamba tansio huua kupitia moyo, basi kila asubuhi niliweka sikio kifuani pake. Moyo ulipiga vizuri sana. Nilijipongeza.

Miezi ikapita. Baba akaanza kumuuliza mama yangu, aliyefariki zamani, kama ametoka sokoni. Akili yake ilishuka ghafla, ikatulia, ikashuka tena. Nikasema ni uchovu wa vita. Nani hakuchoka?

Jioni moja aliinuka katikati ya mazungumzo, akafungua suruali, akakojoa ndani ya ndoo huku amemwelekea mke wangu, akimuuliza kama maharagwe yameiva.

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Unaona? Muzee amepata akili."

Mke wangu alikuwa amegeukia ukuta. "Huyu hapana papa," alisema. "Papa angekufa kwanza."

Njia zilipotulia tulimpeleka kwa muuguzi. Alimpima tansio, akapima tena, akaniuliza vidonge viko wapi. Nikamweleza, pamoja na habari ya moyo niliousikiliza.

"Ulisikiliza moyo," akasema. "Kichwa, nani alikisikiliza?"

Akanieleza kwamba tansio huharibu mishipa midogo ya ubongo. Inajikaza, inaziba mmoja mmoja, na kila sehemu inayokosa damu inakufa na kilichokuwemo. Majina, njia, hata aibu.

"Pengine angesahau hata na dawa," akasema. "Lakini weye ndiye ulimunyima hiyo nafasi. Sababu gani?"

Nikamweleza habari ya ndoo, nikitumaini angalau yeye ataelewa.

"Na kitenge? Hamukukuwa na kitenge cha kutundika katikati?"

Tulikuwa navyo gunia zima, vimefungwa tayari kwa kukimbia.

Ndugu msomaji, usiache dawa ya tansio kwa sababu mgonjwa anatembea na moyo wake unapiga. Ubongo unaishi kwa damu, na ukiikosa haupigi kelele. Na kama dawa inamletea mzee wako aibu, ishughulikie aibu. Mimi niliacha dawa, na baba akapona aibu kabisa.