Kitanda cha Mama Opio

Msumari unaong'olewa kwenye mbao ngumu hulia kwa namna yake. Nikiusikia leo kwenye paa la jirani, narudi Namuwongo, mtaa wa Kampala, kwenye kibanda cha baba kando ya reli, miaka michache baada ya vita vya 1979.

Baba alikuwa seremala, Mkenya wa Busia. Wateja wake wengi walikuwa familia za askari wa kambi ya Mbuya, watu wa kuhamishwa ghafla. Aliwatengenezea vitanda visivyo na msumari hata mmoja: mbao zilipenya kwenye matundu ya miguu, zikakazwa kwa kabari. Ukizitoa kabari nane, kitanda kinakuwa mzigo wa mbao. Ukibadilisha mbao mbili fupi kwa ndefu, cha mtoto kinakuwa cha mke na mume.

Mimi, mwenye miaka tisa, niliviona kama kazi ambayo haijamalizika. Mama Opio, mke wa koplo kutoka Gulu, alinithibitishia. Tulipokifunga chake chumbani mwake, alikitikisa, kikalia, akacheka.

"Fundi, hii kitanda naimba! Misumari ilikwisha Kampala?"

"Kikilegea, mama, gonga kabari."

"Banange, jamani, sasa mimi ndiyo fundi?"

Aibu ikanipanda. Walipotoka kunywa chai uani, nilibaki kukusanya vifaa. Nikapigilia misumari minane, mmoja kila kiungo. Nje walidhani nagonga kabari. Kitanda kikanyamaza, nami nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Mwezi haukuisha, mwanawe Opio akaja mbio: lori la uhamisho limefika. Tulikuta vyombo vyote vimepakiwa, dereva anapiga honi.

"Fundi, kitanda yako nakataa mlango! Watoto watalala chini huko?"

Baba aligonga kabari zikatoka, mbao zisitikisike. Akainama, akaviona vichwa vya misumari, akanitazama.

"Ni kazi yetu, mama. Utusamehe."

Aling'oa mitatu. Wa nne ulipotoka, mguu wa kitanda ulipasuka, na lori likaondoka bila kitanda. Mama Opio, juu ya magunia, alitugeuzia mgongo.

Baba hakunichapa, na kwa miaka nilidhani alinihurumia kwa kuwa nilikusudia mema. Nilipoanza kutengeneza vitu vyangu mwenyewe, ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na la kuniambia ambalo ningelielewa. Mama Opio hakununua kitanda cha chumba kile tu. Alinunua na siku ya kuhama, na siku hiyo mimi ndiye niliyeipigilia misumari.