Niliokota Mashini, Nikamwacha Bwana Wangu Chini

Kosa ni langu. Musitafute mutu mwingine wa kulaumu. Nikijikumbuka siku ile natema mate, ptuu! Najichukia kama mutu anavyochukia samaki aliyeoza mu sahani.

Jina langu siliandiki, huku Nchelenge kando ya ziwa tunajuana. Niiteni Bana Mwape, ni kusema mama yake Mwape, na bwana wangu Bashi Mwape, baba yake. Mwape si jina la kweli la mutoto wetu, lakini itatosha.

Mimi ni muchuuzi wa samaki wakavu. Nawavusha ng'ambo, nawapeleka Kasenga mpaka Elisabethville. Bwana wangu alikuwa anaangalia injini ya umeme kwenye ghala la barafu la Mugiriki mumoja, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya ghala lenyewe. Mugiriki alituruhusu kuvuta waya. Umeme mu nyumba yetu sisi! Basi kichwa changu kikavimba.

Lupango letu, uzio wa kuzunguka nyumba, ulikuwa wa lunsonga, ule muti wa vijiti vya kijani wenye maziwa meupe. Kila mutoto wa ziwa anaujua: ukiuponda na kuumwaga mu maji, samaki wanaelea tumbo juu. Bashi Mwape alikuwa anaukata kwa panga, pole pole, amesimama upande upepo unakotoka. Ulikuwa umepindapinda, lakini mbuzi hawakupita.

Mimi nikaona haitoshi. Nilikuwa nimeona uzio wa bibi ya muzungu kule bomani, umenyooka juu kama meza. Nikautamani mpaka nikaanza kuona nyumba yangu inanuka.

Nilipokuwa naondoka na samaki, bwana wangu aliniambia, "Bana Mwape, uniletee makasi kubwa ya mikono mbili. Basi."

Makasi niliyaona mu magazini, duka kubwa kule Elisabethville. Yalikuwa mazuri. Lakini pembeni kulikuwa na mashini ya umeme ya kukatia uzio, ina meno marefu kama mamba. Zilikuwa mbili, moja fupi na moja ndefu. Muuzaji, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, uzio yako ni ya muti gani?"

Nikaona haya. Lunsonga ni muti wa maskini. Ningesemaje lunsonga mbele ya bazungu waliokuwa wanapita mule?

"Ni ya maua," nikajibu. "Sawa na ya bazungu."

"Kama ni maua, haina neno. Ila hii ndefu ni nzito, tena inarusha vipande. Atakayeishika ni nani?"

"Bwana wangu."

"Yeye anapenda gani?"

"Funga ile ndefu," nikamwambia. Sababu ile ndefu ingeonekana tangu barabarani! Uchafu gani huu wa roho?

Nyumbani, Bashi Mwape aliigeuza mikononi. "Makasi iko wapi?"

"Hii inapita makasi."

"Inatetemeka hii. Maziwa itaruka."

"Wewe unaogopa maendeleo!" nikamcheka. Akaiegemeza ku ukuta. Alikuwa mutu wa kunyamaza, na mimi nilidhani mutu akinyamaza amekubali.

Nikachagua Jumapili, maana wamama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu baada ya ibada. Nilitaka waone. Bwana wangu hakuwa tayari, nikamsukuma. Wamama wakakaa kwenye mikeka, mashini ikanguruma, wakapiga vigelegele. Nikasimama nimeshika waya kama mutu anayeshika kamba ya ng'ombe wa zawadi.

Upepo wa ziwa ukageuka.

Maziwa yaliruka kama mvua, yakampata usoni. Bashi Mwape akapiga kelele ambayo sijawahi kusikia kwa mwanaume. Akaitupa mashini, akaanguka magoti, mikono juu ya macho.

"Bana Mwape! Maji! Maji!"

Mayo, mama yangu! Mujue nilifanya nini. Mashini ilikuwa imeangukia mu tope, pale tunapooshea vyombo. Niliikimbilia ile. Niliichomoa waya, nikaiinua, nikaifuta meno kwa kitenge changu. Na kinywa changu hiki kikasema, "Umeniharibia mashini yangu!"

Nilipogeuka, jirani yetu, mama mwenye mutoto muchanga, alikuwa amepiga magoti mbele ya bwana wangu. Alikuwa ametoa titi lake, anamkamulia maziwa mu macho kuosha ile sumu, huku wengine wanaleta maji. Hakuna aliyeniangalia. Mwanamke mwingine anamwokoa bwana wangu kwa mwili wake, na mimi nimekumbatia chuma!

Ku lopitali munganga aliuliza ilikuwaje. Bashi Mwape akajibu, "Ilikuwa upepo." Alinificha. Ile ilinichoma kuliko matusi.

Jicho la kulia likawa jeupe kama la samaki aliyepikwa. La kushoto linaona ukungu. Mugiriki akaweka mutu mwingine ku injini, na ile nyumba tukaiacha.

Siku ya kufunga vitu, bwana wangu aliniuliza, bila ukali, "Niliita maji. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Akapanda mutumbwi, akaenda kwa dada yake kwenye kisiwa cha Chisenga. Huko anashona nyavu kwa kupapasa.

Nilimfuata mara moja, na unga na sukari. Alikuwa amekaa mulangoni. Nikawasalimia. Akageuza uso kidogo upande wa sauti yangu, halafu akamuuliza dada yake, "Nani huyo?"

Dada yake akaniangalia sana. "Ni muchuuzi wa samaki."

"Umwambie leo hatuuzi."

Aliijua sauti yangu. Mutu aliyelala na sauti ile miaka yote hawezi kuisahau! Nikaweka unga chini, nikarudi ku mutumbwi.

Wamama wenzangu, na wababa pia, sikieni. Ukienda kununua chombo cha kazi, taja muti wako kwa jina lake, hata kama watu watakucheka. Umuulize atakayekishika, na akisema hapana, usimcheke. Chombo kikianguka, kiache kilale. Mutu akianguka, umukimbilie yeye, umukimbilie na mikono mitupu.

Mimi mikono yangu ilikuwa imejaa.