Mfumaji Aliyepima Vichwa vya Watoto Wetu

Habari za kifo cha mfumaji wetu wa mtaa wa Umoja nilizipata Jumatatu asubuhi, na kama kawaida yangu sikuziamini. Nilimhoji aliyeniletea: umeambiwa na nani, na huyo naye aliambiwa na nani? Wasomaji wa safu hii mnanijua, mimi ni mtu wa kushuku, na mtaani kwetu watu huuawa kwa mdomo mara kadhaa kabla hawajafa kweli. Safari hii nilipofika nyumbani kwake nilikuta viti vimepangwa nje na kina mama wa kanisa lake wakiimba kwa lugha ya kwao, nikajua hakuna la kupinga. Niliumia. Nilikuwa nimempoteza mtu wa pekee aliyenishinda kwa kutomwamini mwanadamu.

Alitoka magharibi mwa nchi na mumewe, mfanyakazi wa kiwanda, wakati Umoja ingali inanuka saruji mbichi. Mume alipofariki, mama huyu aliweka mashine ya kufuma katika chumba walichoongeza nyuma ya nyumba, akawa anafuma sweta za shule na kofia za watoto wachanga. Kazi yake ilikuwa safi, ila wateja wote aliwaona wezi. Mtoto akiletwa kupimiwa kofia, alimzungushia uzi wa sufu kichwani, akaukata, akautundika msumarini, na chini ya msumari akaandika kwa chaki jina la mama mtu. Sababu alinieleza mwenyewe: "Hawa wamama ni wajanja. Mtu anachukua kofia, anapatia mtoto wa dadake, halafu anarudi kusema nilifuma ndogo. Mimi sichezewi." Majirani hawakuijua sababu hiyo. Walichoona wao ni mjane wa kabila jingine mwenye ukuta uliojaa nyuzi za vichwa vya watoto wao, na huko walikotoka wengi wao mtu hapimwi kwa uzi ovyo ovyo. Minong'ono ya uchawi ikaanza, na nakiri kwamba iliniingia masikioni vizuri tu.

Basi dereva mmoja wa lori, mtu wa Ukambani, akajaliwa binti. Mkewe alimnunulia mtoto kofia, na baada ya wiki chache akarudi akilalamika kwamba inabana. Mfumaji alinuna, akafuma nyingine kubwa zaidi. Mama akarudi tena. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kuchukua sweta yangu, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mfumaji aliushusha ule uzi wa kwanza, akauzungusha kwenye kichwa cha mtoto, na ncha zake zikakataa kabisa kukutana.

"Huyu si ule mtoto," alisema. "Umeniletea mwingine."

"Ati nini? Mtoto wangu mimi simjui?"

"Uzi haupungui ukikaa kwa msumari, mama. Na kichwa ya mtoto haikimbii hivi. Wewe unataka kofia ya bure."

Mama yule aliinua macho, akaziona nyuzi zote ukutani, akapiga yowe. "Amefunga mtoto wangu! Amefunga kichwa yake na uzi!" Kufumba na kufumbua majirani walijaa mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja alisema, na wengine wakataka nyuzi zichomwe pamoja na mashine. Dereva alipofika aliwazuia. Alitangaza kwamba angempeleka mtoto hospitali kubwa, daktari aseme amefanywa nini, kisha mfumaji apelekwe kwa chifu. Mfumaji naye akajifunga leso. "Twende. Daktari mwenyewe aseme kama kofia yangu ilikuwa ndogo." Mimi, kwa kuwa nilikuwa karani, niliombwa niwe shahidi, kila upande ukidhani ni wake. Tukaondoka hivyo, watu wasiosalimiana, kila mmoja akienda kutafuta aibu ya mwenzake.

Daktari alipima kichwa kwa utepe, akagusa utosi uliokuwa umevimba na kukaza, akatuonyesha jinsi macho ya mtoto yalivyoelekea chini. Alisema kila kichwa kina maji yanayouzunguka ubongo na kutoka kwa njia yake. Njia ikiziba, maji hujaa. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana bado, ndiyo maana kichwa hupanuka, na huko ndani ubongo hubanwa. Ukibanwa kwa muda mrefu, mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kuona, wa kutembea, wa kujifunza. "Hakuna mtu amemfanya kitu," alimwambia dereva. "Lakini mkikaa naye nyumbani ataharibika." Alitaka kumtia mrija wa kupunguza yale maji.

"Na hayo maji mkiyatoa, mnayapeleka wapi?" dereva aliuliza. Sisi tuliokulia kwenye hadithi za watu wanaonyonywa damu ikauzwe tulijua anauliza nini.

"Tumboni mwake mwenyewe. Mrija unapita chini ya ngozi. Hakuna tone litatoka kwa mtoto wako."

Dereva alisema atarudi nyumbani kwanza, ashauriane na wazee. Alikuwa ameshamfunika mtoto. Hapo mfumaji akaenda kusimama mlangoni. "Ulikuja hapa kunishtaki, baba. Maliza kesi yako. Mwambie apime tena, apime mpaka uamini, lakini na mtoto hutoki." Dereva alimtazama kwa chuki, kisha akaketi. Mtoto akapimwa tena, na daktari wa pili akaitwa. Kesho yake baba alikubali.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Binti yule alichelewa sana kutembea, na jicho lake moja lina makengeza. Kwa kusimulia hadithi hana mpinzani, lakini hesabu humtoa machozi, na shuleni anakaa na watoto anaowazidi umri. Mrija uliwahi kuziba, akatapika na kusinzia kutwa. Safari hiyo wazazi hawakungoja ushauri wa mtu. Daktari alisema angeletwa mapema zaidi angekuwa na nafuu zaidi. Zile wiki ambazo mfumaji alidhani anaibiwa, nasi tukidhani watoto wanarogwa, zote kichwa kilikuwa kinajaa maji. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Matangani nilikaa karibu na kina mama waliokuwa wakimenya viazi, nikamsikia mmoja akisema chini chini, "Lakini alijuaje? Kama si yeye aliyemfunga, alijuaje?" Binti mwenyewe alikuwa hapo hapo akiosha vikombe.

"Hakujua," alisema bila kugeuka. "Alidhani mama anamwibia."

Mamake alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio mbele yetu. Walionong'ona walirudi kwenye viazi vyao. Sina hakika kama waliamini, na siwezi kuwalaumu, maana kushuku ni tabia yangu pia na hainitoki. Sitawaambia mwache. Mshukuni jirani, mshukuni daktari, nishukuni hata mimi ninayeandika haya. Ila mbebeni mtoto kwanza, huo ugomvi wenu mkaumalizie kwenye foleni ya hospitali.