Mwenyewe Yupo?

Nilipokuwa mtoto nilitembea nikitazama chini, na mama alizoea kunitania kwamba nitaolewa na kisiki. Sikujali. Kijijini kwetu, upande wa Kirongwe, mvua ikishanyesha ardhi ilitoa vitu: shanga za kale, vigae vya sahani zenye maua ya buluu, mara moja pete ya shaba. Kila nilipochomoka nyumbani nilirudi na upindo wa kaniki umejaa.

Bibi, mama yake mama, hakunikataza kuokota, ila alinipa sharti. Cha chini kina mwenyewe, alisema, na mwenyewe si lazima awe mtu. Kabla ya kukigusa niulize kwa sauti mara tatu: "Mwenyewe yupo?" Nikijibiwa, niache. Nisipojibiwa kimekuwa changu, na mzigo wake umekuwa wangu pia. Hilo la mzigo liliingia sikio hili likatokea lile.

Siku hizo za Wadachi baba alikuwa Chole kwenye kazi za boma, nami nikapelekwa kwa shangazi, kitongoji cha pili, bila kuambiwa sababu. Mama alikuwa mjamzito, hilo nililiona, sikuwa kipofu. Nyuma yangu alikwisha kuzaa watoto watatu na wote walikufa kabla ya kuota meno. Nyumba ikifiwa hivyo, kwetu husemwa kwamba mauti yameijua njia.

Asubuhi moja baada ya mvua nilimtoroka shangazi. Nikapita nyuma ya minazi mpaka jaani, pale watu wa kijiji chetu walipotupa taka, maana hapo vigae havikosekani. Nikaona ungo mbovu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha kaniki chakavu kilichopakwa majivu, na kile kitambaa kikajinyoosha.

Kilikuwa kitoto kichanga. Nasema kweli, sikudhani ni mtu. Tulikuwa tumesimuliwa habari za kitoto cha jini kinacholia porini, ukikibeba kinarefuka mikononi mpaka miguu yake inaburuzika chini. Nilitaka kukimbia. Ndipo nilipowaona siafu. Walikuwa wanashuka kutoka kwenye rundo la makumbi ya nazi, mstari mweusi mnene, na wa mbele walikwisha kufika ukingoni mwa ungo.

Nikaita, "Mwenyewe yupo?" Kimya. Kitoto kikaanza kulia. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Migomba ng'ambo ya jaa ikatikisika kidogo, na upepo haukuwapo. Nikangoja. Siafu mmoja alikuwa ameshapanda kwenye kisigino cha yule mtoto. Mara ya tatu nililia zaidi kuliko kuuliza, na bado hakuna aliyejibu. Nikamnyakua, nikampangusa, nikamkumbatia huku nimefumba macho, nikingoja arefuke.

Hakurefuka. Alikuwa na joto, na alinukia maziwa.

Nilipofumbua macho bibi alikuwa ametoka kwenye migomba. Nyuma yake alisimama mama, amenipa mgongo, mabega yanamtikisika.

"Umeshamshika?" bibi aliuliza.

"Nimemshika. Siafu walikuwa..."

Bibi akakaa palepale kwenye matope, yeye ambaye hata kwenye mchanga mkavu hakukaa bila mkeka.

Mambo yenyewe nilielezwa baadaye. Mtoto wa nyumba iliyozoewa na mauti hazaliwi kwa vigelegele. Hupelekwa jaani akatupwa, kisha mtu wa nje humwokota na kumwuzia mama yake, ili mauti yakija kumtafuta mtoto wa fulani yamkose: huyu ni wa jaani, amenunuliwa tu. Wenye nyumba hawageuki wala hawajibu lolote mpaka aokotwe. Aliyetakiwa kumwokota ni Bi Mize, jirani yetu ambaye hakuwahi kuzika mtoto. Lakini njiani alikutana na mkwewe anayetoka Bweni, na nani anayemkatia mkwe salamu? Akaulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, naye anajibu njema, njema, na jambo aliloendea halisemeki. Alifika anahema, akamkuta mtoto mikononi mwangu.

Ambaye hakutakiwa kabisa kumgusa ni mtu wa nyumba ile. Bi Mize alisema kwa sauti ndogo kwamba basi, shughuli imeharibika, mauti hayawezi kudanganyika dada akimwokota mdogo wake. Mama alikuwa bado amegeukia migomba. Maziwa yalikuwa yamemlowesha nguo mpaka kiunoni. Bibi alifikiri sana, kisha akanitazama.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja mama.

"Siye. Wewe mtoto wa Bi Mize, tangu leo mpaka hicho kitoto kiote jino. Ukimwita huyu mwanamke mama, umekiua. Umenisikia?"

Nilisikia neno kuua. Nikamtazama mama anitetee. Akageuka, akaja, akasema nami kama anavyosema na mchuuzi wa samaki: "Binti wa Bi Mize, hicho kitoto unakiuza?" Bibi akanitajia bei sikioni, pishi ya mpunga. Mama akasema kitoto chenyewe kibaya, anakichukua tu. Akampokea bila vidole vyetu kugusana.

Mtoto akaitwa Matupa. Mimi nikahamia kwa Bi Mize, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na huko kuwa karibu ndiko kulikoniumiza. Bora ningepelekwa mbali, hata Bweni. Wanawake wote kijijini niliruhusiwa kuwaita mama isipokuwa yule aliyenizaa. Tukikutana kisimani nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, binti wa Bi Mize," akajitwika mtungi akaenda zake. Nilimchukia, sifichi. Tena nilimchukia huku natamani kumfuata.

Mvua za masika zilipokuja Matupa alishikwa na homa. Mchana kutwa nilikaa upenuni kwa Bi Mize nikiwaona wanawake wanaingia kwetu na kutoka bila kusema. Nilijiziba mdomo kwa viganja viwili. Sikuogopa kulitamka lile neno nikiwa macho, niliogopa kwamba huenda nililitamka usingizini. Nilimwuliza Bi Mize kama huwa naota kwa sauti. Akanivuta kifuani pake akasema mimi hulala kama gogo, na mpaka leo sijui kama alisema kweli.

Homa ikapoa. Siku moja adhuhuri, nikiwa natwanga, mama aliingia uani kwa Bi Mize bila kupiga hodi, Matupa kiunoni. Akanishika kidole, akakitia kinywani mwa mtoto, na kitu kidogo kikali kikaniuma.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema.

Siku ile nilimwita mama mpaka bibi akaniambia nitalichakaza jina.

Matupa sasa ni mzee, ana wajukuu, na huniita mama mbele za watu kwa kuwa mimi ndiye niliyemwokota. Mwalimu wa chuo cha Kurani husema mauti hayadanganywi, kila nafsi na siku yake, nami naamini hivyo. Lakini hata mimi, wajukuu zangu wakiokota kitu, nawaambia waulize kwanza mwenyewe yupo. Nikiwasikia wanaita, hufadhaika mpaka wamalize.

Mama alipokuwa kitandani mwisho wa umri wake nilimwuliza kama pale jaani aliijua sauti yangu. Akanitafuta mkono juu ya shuka.

"Mwenyewe alikuwapo," akasema. "Mara zote tatu."