Ni Kabichi, Wakwe Zangu!

Naomba msicheke kabla sijamaliza. Najua ombi hili halisaidii kitu, kwa sababu hata mume wangu, mtu wa sala kabisa, aliposikia mkasa huu alienda kuchekea nyuma ya nyumba akidhani simsikii. Aibu yangu imeshatembea zaidi ya mimi mwenyewe. Pale Kasongo sokoni wauza mboga wakiniona wananionyesha kabichi kwa mbali, na huko Salamabila kuna watu wasiojua hata sura yangu lakini wanajua vizuri sana neno nililolipigia kelele siku ile, tena nilipigia wapi.

Basi nianze na mwili. Mimi Mama Riziki nilikuwa nimenenepa, si kunenepa kwa kupendeza, ni kule kwa kushika ukuta ukitaka kuinuka. Magoti yalikuwa yakilia, kilima cha kutoka mtoni nilikipanda kwa vituo, na kanisani watu waliposimama kuimba mimi nilibaki nimekaa nikijifanya nimezama katika maombi. Muuguzi akanipima akatikisa kichwa: "Mama, tansio ya damu iko juu, punguza mafuta, tembea, kula matunda." Nikatoka na huzuni yangu, na katika huzuni hiyo nikakutana na sauti moja iliyokuwa inapita katika simu za watu, ya mwanamke fulani (sijui ni wa wapi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno) akieleza jinsi alivyorudisha afya yake kwa kula vitu vibichi. Chakula chako, alisema, sehemu kubwa kiwe kibichi: matunda, mboga, karanga. Sehemu kubwa, alisema hivyo, na mimi nilisikia hivyo hivyo, lakini mnanijua, mimi nikishika kitu nakishika chote. Nikasema sehemu kubwa ni ya waoga. Mimi nitakula vibichi tupu.

Na ilifanya kazi! Lazima niseme ukweli hata kama ndio ulionitia kiburi. Wiki za mwanzo niliota bugali usingizini, lakini baadaye, jamani, nilikuwa mwepesi. Papai asubuhi, nanasi, matango, karoti, parachichi, karanga mbichi nilizotafuna njiani kwenda shamba. Nilipanda kile kilima na bidoni ya maji kichwani bila kusimama hata mara moja, nikafika juu nikageuka kukitazama kama mtu aliyemshinda adui. Blauzi ya kikwembe niliyoshonewa zamani ikafunga vifungo vyote. Kanisani nilisimama wa kwanza, nikacheza mpaka mwimbishaji akanitazama. Nikaanza kuhubiri: jirani akiweka sufuria jikoni, mimi namwendea na somo la jinsi moto unavyoua nguvu ya chakula. Watu wakaanza kufunga milango wakiniona nakuja na tango mkononi.

Ndipo ikafika siku ya Neema. Neema ni binti wa mdogo wangu wa kiume, na nilimlea mimi alipokuwa mdogo wakati mama yake alipougua, kwa hiyo nampenda kama wa tumboni mwangu. Alikuwa ameposwa na Musafiri, kijana mpole anayefanya biashara ndogo Salamabila, na siku hiyo ukoo wa Musafiri ulikuwa unakuja kwa mdogo wangu kupokea jibu. Kwetu jibu halitolewi kwa maneno peke yake. Wageni wanapikiwa, na shangazi wa binti ndiye anayepakua, ndiye anayepiga magoti mbele yao na kuonja kwanza, wote wakimwangalia, ili wajue chakula ni salama na mioyo ya wenyeji ni safi. Shangazi akimeza, wageni wananawa na kula, na ndoa imekubaliwa. Wasipokula, wanapanda piki-piki zao wanarudi, na binti anabaki na jina baya ambalo hakulitafuta.

Asubuhi wifi yangu, mama yake Neema, alinikuta nyuma ya jiko nikitafuna, akaniambia kwa upole: "Wifi, leo uvunje kidogo. Tonge moja tu, hata Mungu hatakasirika."

"Hata tonge moja," nikamjibu. "Nikivunja leo, kesho nitarudi kwenye ukuta."

Uamuzi mdogo tu, mnaona? Nilikuwa na mpango wangu: nitakata tonge, nitalipeleka mdomoni, na mkono ukishuka nitaliangusha ndani ya blauzi, halafu nitatafuna hewa. Na kwa kuwa harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na mawese ilikuwa inanisumbua tangu alfajiri, nikajikinga: nikala bakuli la kabichi mbichi, nikaongeza la pili na karanga mbichi, nikateremshia na papai zima. Tumbo likajaa. Nikajisifu kwamba sasa shetani wa bugali hana nafasi.

Wageni wakafika mchana, piki-piki nne zilizopambwa na matope, kwa sababu barabara ile ya kutoka Salamabila mnaijua, si barabara, ni majaribu. Mbele alikuwa baba mdogo wa Musafiri, mzee mrefu mwenye sauti ya kuagiza, na nyuma yake akashushwa bibi mkubwa wa ukoo wao, ambaye wote walimwita Koko, mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Tukawakalisha kwenye mikeka. "Tumekula vumbi na matope njia yote," baba mdogo akasema, "sasa tunaomba kitu ya kweli." Watu wakacheka. Kila kitu kilikuwa kizuri, na Neema alikuwa ndani na wenzake, amevaa kikwembe kipya, akisubiri kuitwa.

Nikaingia na sahani. Oo, nilipendeza siku ile, vifungo vyote vimefunga! Nikapiga magoti (bila kushika ukuta, nikatumaini wameona), nikakata tonge, nikalichovya kwenye sombe, nikalipandisha mdomoni, mkono ukashuka kwa ufundi, tonge likaingia kifuani. Nikaanza kutafuna hewa nikitabasamu.

Sasa, katika mahesabu yangu yote nilisahau jambo moja ambalo kila mpishi analijua: bugali ya kutoka motoni haipoi haraka, na ikishika ngozi inakaa. Nikavumilia kidogo. Nikavumilia tena. Halafu nikaruka. "Uwiii!" Nikasimama nikijipigapiga kifua, nikazunguka mara mbili kama anayecheza ngoma, na tonge likatoka chini ya blauzi likabingirika kwenye mkeka, jekundu kwa mawese, likaenda kusimama kwenye mguu wa Koko.

Koko akaliangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mama," baba mdogo akauliza polepole, "hii ni nini?"

Hapo mtu mwenye akili angesema kizunguzungu, angesema mdudu, angesema chochote. Mimi nikaona ni nafasi ya kutoa somo. Nikasema: "Samahani, baba, miye siku hizi sikuli kitu ya kupikwa, kwa sababu moto inaharibu chakula, na ile chakula inaacha sumu mu mwili."

Neno lile lilipotoka nililiona linakwenda na sikuweza kulikamata. Hata kuku waliokuwa wanazunguka mikeka nadhani walisimama.

"Iko sumu?" baba mdogo akauliza.

"Hapana, baba! Haiko ile sumu ya kuua mutu. Ni ile ya kidogo kidogo, iko mu kila chakula ya moto..."

"Ya kidogo kidogo!" Akageukia watu wake, wakaanza kusemezana kwa Kibangubangu, na mimi ambaye sijui lugha hiyo nilielewa kila kitu. "Weye unatupatia kitu weye mwenyewe unaogopa? Tumetoka mbali namna hii tuje tufe kwenu?"

Mdogo wangu akaja mbio, jasho linamtoka, akanishika mkono. Sijawahi kumwona hivyo. "Dada," akaninong'oneza, "kama unanipenda, kula. Kula yote."

"Aonje kila sufuria," baba mdogo akasema. "Hapa, mbele yetu."

Nikala. Kiapo changu kikafa pale pale kwenye mkeka. Nikala bugali na sombe, nikala wali, nikala maharage, nikala samaki, nikala mbuzi wa mafuta mengi, na (nisiwafiche) ilikuwa tamu mpaka machozi yakanilenga, nikasahau wakwe, nikanyoosha mkono kuchukua kipande cha pili. Nyuso zikaanza kulegea. Baba mdogo akavuta beseni la kunawia. Nikaona Neema anachungulia mlangoni, anatabasamu, na moyo wangu ukatulia.

Tumbo ndilo lililokataa. Kabichi bakuli mbili, karanga mbichi na papai vilikuwa vimelala humo tangu asubuhi vikingojea sababu, na mbuzi alipovikuta vikaamka vyote pamoja. Kulitokea mngurumo ambao hata waliokaa mkeka wa mwisho waliusikia. Jasho baridi likanitoka. Nikajibana, nikasali, nikaona sala haifiki, nikashika tumbo na kukimbia. Na jinsi nilivyokimbia! Miaka mingi sikuwahi kukimbia hivyo, nikaruka kuni, nikaruka mbuzi aliyefungwa, na katikati ya aibu ile sehemu moja ya roho yangu ikashangilia kwamba kweli mazoezi yamelipa.

Nyuma yangu kelele zikalipuka. "Imemushika! Imemushika!" "Amekula tu, angalia!" "Pandeni, pandeni piki-piki!"

Choo cha mdogo wangu kimezungushiwa majani makavu, unakaa ndani unaona nje kupitia nyufa. Nikaona wanafunga mizigo. Nikaona mdogo wangu amepiga magoti mbele ya baba mdogo. Nikasikia piki-piki ya kwanza inapigwa kiki. Na mimi siwezi kutoka, mnaelewa? Siwezi. Nikamfikiria Neema, mtoto niliyembeba mgongoni, ndoa yake inaondoka kwa sababu ya shingo yangu ngumu, nikalia, na katika kulia nikapaza sauti yote niliyokuwa nayo:

"Si sumu! Ni kabichi! Ni kabichi, wakwe zangu! Bakuli mbili! Na karanga, na papai!"

Piki-piki ikazimika.

Ndipo nikamwona Neema. Binti wa kuposwa haonekani mpaka aitwe, na hali chakula mbele ya wakwe, hilo analijua kila mtu. Alitoka ndani peke yake, akapita katikati ya watu waliosimama, akakaa kwenye mkeka, akanawa, akakata tonge kubwa. "Munaogopa nini?" akasema kwa sauti iliyonifikia hadi chooni. "Miye ndiye mulikuja kuchukua. Kama iko sumu, ikamate miye wa kwanza." Akala. Akala sombe, akala mbuzi, machozi yanamtoka na anaendelea kula. Musafiri akateremka kwenye piki-piki, akaja akakaa kando yake, akaingiza mkono kwenye sahani ile ile.

Kisha nikasikia kicheko kikavu, chembamba, kikikua taratibu. Ni Koko. "Kabichi mbichi!" akasema akijifuta macho. "Bakuli mbili, na karanga, na papai, halafu mafuta ya mbuzi juu! Hata mbuzi mwenyewe haingeweza. Mulete maji ninawe, miye njaa inaniua kuliko hiyo sumu yenu." Akakaa, na alipokaa yeye, wote wakakaa.

Nilitoka huko nikiwa nimepungua kuliko wiki zote za karoti. Nilitaka kupita nyuma ya nyumba nitoroke kabisa, lakini Koko akaniona (niliwaambia juu ya macho yake). "Shangazi iko wapi? Aje akule na sisi!" Nikaja, kichwa chini, watu wakinipigia makofi. Neema akanisogezea nafasi. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kabla sijafungua mdomo akaniwekea mkononi ndizi iliyopikwa, akanibana vidole. Ndoa ilikubaliwa siku ile ile.

Siku nyingi baadaye nilikwenda kuwaona Salamabila. Neema alikuwa amenona vizuri, Musafiri anacheka peke yake. Nikakaa, nikanawa, nikasubiri bugali kwa moyo mkunjufu. Koko akatoka ndani akiwa ameinamia sahani kubwa, na juu yake hakuna kilichogusa moto: ndizi, karoti, nyanya, papai lililokatwa, tango. Akapiga magoti mbele yangu kwa shida (magoti yake ni mabaya kuliko yalivyokuwa yangu, na hakutaka kusaidiwa), akachukua ndizi akaing'ata, akang'ata karoti kwa meno yake machache, akang'ata nyanya, akang'ata kila kipande kimoja baada ya kingine, nyumba nzima ikimwangalia bila kucheka, kisha akanisogezea.

"Nimeonja," akasema. "Kula sasa, mwanangu. Haiko sumu."

Nilikula vyote, vilivyong'atwa na vyote, na sikuona haya kulia mbele yao. Siku hizi bado nakula vibichi, na kilima bado nakipanda bila kusimama. Lakini sasa nakula sehemu kubwa tu, kama yule mama wa kwenye simu alivyosema. Ile sehemu ndogo inayobaki nimegundua haikuwa yangu tangu mwanzo. Ni ya watu, na mtu yeyote akiniwekea sufuria mbele yangu, hata iwe imetoka motoni sasa hivi, naapa nitaimeza kwanza, nihubiri baadaye.