Mita ya Sarafu Saluni kwa Dada

Fundi Lehemu, kama mtaa ulivyomwita, alitengeneza redio miaka ishirini bila mteja kumrudia na malalamiko. Sifa hiyo aliitangaza mwenyewe, maana mdomo wake haukuwa na breki. Wagonjwa wake, redio mbovu, walipoadimika, alichukua kabati la nguo kuukuu, akalitoboa, akatia televisheni na vifungo, likawa mashine ya gemu. Akaipeleka saluni kwa dada yake, msusi, wateja wajipumbaze wakisubiri zamu. Mapato nusu kwa nusu. Ufunguo wa sanduku la sarafu akabaki nao yeye.

"Tia na mita, kila sarafu ijihesabu," dada alimwambia. "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Ilimuuma. Hata hivyo alivuta waya kutoka kwenye swichi ya tundu la sarafu hadi kwenye mita ndogo, akalehemu. Akatumbukiza sarafu moja, akaona namba zinacheza, akaridhika. Hakusoma hata zimefika ngapi. Majivuno hayo!

Jumamosi asubuhi wakafungua sanduku. Mita ilisema mia mbili na kumi na mbili. Sandukuni, sarafu mia na sita.

Dada alihesabu tena, polepole, kisha akazigawa mafungu mawili. "Haya, fungu lako hili."

"Dada, mbona hesabu haikai sawa?"

"Yaishe, mdogo wangu. Najua una watoto wanasoma. Nimeshakusamehe." Akarudi kwenye kichwa cha mteja wake.

Maskini fundi! Afadhali angemzaba kofi. Mtu akiitwa mwizi hujitetea. Akisamehewa, aanzie wapi? Hakugusa lile fungu. Alichukua bisibisi, akafungua mgongo wa kabati, akatumbukiza sarafu.

Ta-ta.

Akatumbukiza nyingine. Ta-ta. Lo! Kiwaya cha swichi kilikuwa laini mno: sarafu ikikigonga kinabonyea, kinaruka, kinabonyea tena. Sarafu moja, hesabu mbili. Angekikunja kidogo tu, kazi ingekwisha. Lakini alikiacha vilevile.

"Dada, njoo."

"Nina mafuta mikononi."

"Njoo nayo hayo mafuta. Tumbukiza mwenyewe, macho kwenye mita."

Dada akatumbukiza moja, namba zikaruka mbili. Ya pili, vilevile. Ya tatu hakuitumbukiza. Aliishikilia tu, akimtazama ndugu yake.

"Kumbe ni mashine," alisema. "Sasa mbona hukusema hukuchukua?"

"Uliniuliza?"

Mteja mwenye nywele nusu alijifanya anasoma gazeti. Dada akajitupa kwenye kiti cha pembeni, mafuta yakimchirizika hadi viwikoni.

"Sikukuuliza," alisema. "Maisha yangu yote nakusamehe tu, mdogo wangu. Kukuuliza, sijawahi hata siku moja."